Mazoea Yana Taabu: Historia Fupi ya Miwani ya Kusomea

Mwalimu aliyefundisha kwa miaka ishirini huanza siku moja kulisukuma daftari la mwanafunzi mbali na uso wake. Kwanza hulisogeza kidogo, kisha zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote na hauna tena pa kwenda. Hapo husema kwamba wanafunzi wa siku hizi wana mwandiko mbaya, au kwamba taa ya chumba cha walimu haitoshi. Wenzake waliomtangulia kwa umri hucheka kimoyomoyo, maana wao nao walisema hivyo hivyo.

Sisi tunaoandika makala haya tulipitia njia hiyo. Tulipokubali hatimaye kuvaa miwani ya kusomea na kufanyia kazi kwenye kompyuta, tulidhani taabu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Sakafu ilionekana kupanda, ngazi zilikosa kipimo, na mstari wa maandishi uliokuwa wazi katikati ulififia pembeni. Siku ya tatu tuliitia miwani katika mtoto wa meza tukaapa kutoivaa tena. Ndipo tulipoanza kujiuliza: je, waliotutangulia waliizoeaje? Majibu tuliyoyapata yametufaa, nasi twaona si haki kuyaficha.

Kwanza tueleze asili ya udhaifu wenyewe. Ndani ya jicho mna lenzi laini ambayo hubadili umbo lake ili tupate kuona kilicho mbali na kilicho karibu. Kadiri mtu azidivyo umri, lenzi hiyo hukakamaa, na kwa kawaida baada ya umri wa miaka arobaini haiwezi tena kujibinua vya kutosha kwa ajili ya maandishi yaliyo karibu. Daktari Franciscus Donders wa Uholanzi aliyaeleza mambo hayo kwa utaratibu katika kitabu chake cha mwaka 1864, akayatenga na kasoro nyingine za macho. Basi jambo hili si ugonjwa, wala si adhabu ya kusoma sana usiku. Humpata msomi na asiyesoma, mvuvi na mshona nguo. Tofauti ni kwamba msomi hulitambua mapema, kwa kuwa kazi yake yote iko karibu na pua.

Elimu ya kuona ina deni kubwa kwa Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi Misri. Katika Kitabu al-Manadhir alithibitisha kwamba mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni, na wala si jicho linalotoa miale kwenda kuvigusa vitu, kama walivyodhani wengi kabla yake. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa na wataalamu wa Ulaya kwa karne kadhaa. Yeye mwenyewe hakuunda miwani, bali aliwaachia wengine namna ya kufikiri juu ya mwanga na vioo.

Miwani yenyewe ilizuka Italia mnamo mwaka 1286 hivi. Tunajua hivyo kwa sababu ya mahubiri. Mwezi wa Februari mwaka 1306, mtawa Giordano wa Pisa aliwaambia watu wa Florence kuwa bado haijatimia miaka ishirini tangu sanaa ya kutengeneza miwani ilipogunduliwa, na kwamba yeye mwenyewe alipata kuonana na mgunduzi wake. Jina la mgunduzi hakulitaja. Lakini kumbukumbu za watawa wa Pisa zinamsifu mwenzao, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313. Zinasema kwamba mtu mwingine alitangulia kuitengeneza miwani akakataa kuwaonyesha watu siri yake. Spina akaitazama, akaiunda kwa mikono yake, kisha akawafundisha wote kwa moyo mkunjufu. Aliyeificha elimu, historia imemsahau. Aliyeigawa, jina lake lingali linatajwa baada ya miaka mia saba. Sisi walimu tuna la kujifunza hapo.

Miwani hiyo ya kwanza ilikuwa vioo viwili vilivyounganishwa kwa msumari, haina mikono. Ilishikwa kwa vidole au ikabana pua. Mwaka 1352 mchoraji Tommaso da Modena alichora ukutani, katika mji wa Treviso, kadinali aliyeketi akiandika huku miwani imekaa puani. Kadinali huyo, Hugh wa Saint-Cher, alikuwa amefariki tangu mwaka 1263, kabla miwani haijazuka! Mchoraji hakujali tarehe. Kwake yeye miwani ilikwisha kuwa alama ya mtu wa vitabu.

Mashine ya kupigia chapa ya Gutenberg, katikati ya karne ya kumi na tano, ilizidisha vitabu, na vitabu vikazidisha haja ya miwani. Mpaka wakati huo zilikuwa zimekwisha kupatikana lenzi mbonyeo kwa wasioona mbali, mbali na zile lenzi mbinuko za wasioona karibu. Hata hivyo sababu ya lenzi hizo kusaidia ilingoja mpaka mwaka 1604, Johannes Kepler alipoeleza jinsi taswira inavyoangukia nyuma ya jicho. Na mikono ya kushikia masikioni ilikuja katika karne ya kumi na nane. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia nne, basi, msomaji alilazimika kukaa kimya asitikise kichwa, asije akaiangusha miwani yake. Nasi twalalamika kwa wiki mbili!

Kisa kinachotugusa zaidi sisi tunaofundisha lugha ni cha Benjamin Franklin wa Marekani. Alipokuwa balozi Ufaransa, naye ni mzee wa miaka karibu themanini, alichoshwa na kubadilisha miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia mbali. Akaagiza lenzi zikatwe nusu kwa nusu, nusu ya mbali iwekwe juu na ya karibu iwekwe chini, katika fremu moja. Katika barua yake ya mwezi Mei mwaka 1785 alitoa sababu yenye maana. Mezani aliweza kuona chakula alichokula na pia nyuso za waliozungumza ng'ambo ya meza. Na kwa kuwa masikio yake hayakuzoea sauti za Kifaransa, mwendo wa nyuso ulimsaidia kufahamu. Kwa miwani yake, alisema, alikielewa Kifaransa vizuri zaidi. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua ukweli wa jambo hilo: mwanafunzi asiyeuona mdomo wa mwalimu wake husikia nusu tu ya somo.

Miwani ya Franklin ilikuwa na mstari katikati, na jicho liliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mfaransa Bernard Maitenaz, ambaye alikuwa mhandisi, alitaka kuuondoa mruko huo. Mwaka 1959 lenzi zake zilitolewa kwa jina la Varilux. Nguvu yake huongezeka hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini, bila mpaka unaoonekana. Lakini kila faida ina gharama yake: lenzi ya namna hiyo haiwezi kuwa safi kila mahali, hivyo pembeni mwake picha hupinda na kufifia. Mvaaji sharti ajifunze upya. Asitupe jicho pembeni, bali ageuze kichwa. Na ateremkapo ngazi ainamishe kidevu, aitazame kwa sehemu ya juu ya lenzi.

Kisha ikaja kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi. Kitabu hushikwa kama sentimita arobaini kutoka machoni, na barabara iko mbali; kioo cha kompyuta hakipo huku wala kule, bali hukaa kiasi cha sentimita hamsini hadi sabini, tena mbele ya uso, si chini mapajani. Anayekitazama kwa miwani ya kawaida ya sehemu mbili hulazimika kuinua kidevu kama jogoo anywaye maji, na jioni shingo humwuma. Ndiyo sababu mafundi wakaunda miwani maalumu, yenye nafasi pana ya umbali wa kati na sehemu ya kusomea chini yake. Miwani hiyo ni ya mezani. Haifai kuendeshea gari.

Kuhusu vioo vinavyodaiwa kuchuja mwanga wa buluu, yafaa msomaji ajihadhari kabla ya kufungua mkoba. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2023 ulionyesha kuwa huenda havipunguzi uchovu wa macho kuliko vioo vya kawaida, walau kwa muda mfupi. Uchovu mwingi hutokana na kutopepesa macho na kutoyapumzisha kwa kutazama mbali, na tiba ya hayo haiuzwi.

Je, macho huzoea? Mwaka 1897 mwanasaikolojia George Stratton, huko California, alivaa kwa siku nane lenzi iliyogeuza dunia juu chini, jicho la pili akalifunika. Siku za kwanza alijikwaa na kutia mkono pasipo mahali pake. Mwishoni alitembea na kushika vitu bila taabu kubwa. Ikiwa binadamu huweza kuuzoea ulimwengu uliopinduliwa, hashindwi kuizoea sakafu iliyoinama kidogo. Hata hivyo mazoea yana masharti yake: miwani ivaliwe kila siku, si kwa kuonjaonja, na ikiwa baada ya wiki mbili au tatu kichwa kingali kinauma, mtu arudi kwa mtaalamu apimwe tena, kwa kuwa huenda kosa liko katika vipimo.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya anasa. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2006, uliona kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wa vijijini waliopita miaka arobaini walikuwa na udhaifu huu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 826 wasioona karibu vizuri kwa kukosa miwani ya kuwafaa. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kuwa wachumaji wa umri wa miaka arobaini na zaidi waliopewa miwani ya kawaida walizidisha mavuno yao kwa asilimia 21.7 kuliko wenzao waliokuwa bado hawajapewa. Ikiwa jani la chai lamhitaji mtu mwenye kuona, herufi je?

Tumalizie kwa neno la darasani. Neno "miwani" huanza na mi-, lakini aliyevunja kioo kimoja hakubakiwa na "mwani", kwani mwani ni mmea wa baharini. Lugha yenyewe, basi, yatufundisha kuwa miwani ni kitu kizima kisichogawanyika: lenzi, macho na subira ya mvaaji. Yetu sisi tuliitoa mtoto wa meza wiki moja baadaye. Siku ya kumi na mbili tulisahihisha madaftari arobaini bila kunyoosha mkono, tukagundua kwamba mwandiko wa wanafunzi wetu haukuwa mbaya hata kidogo. Waliokosewa ni wao. Nasi tuliwaomba radhi.