Steringi hafi: meli moja ya Tanganyika na miisho yake mitatu

Wadau, sheria ya kwanza ya muvi kila mtu anaijua: steringi hafi. Muvi za vita zina sheria ya pili: kile kitu kikubwa cha adui, iwe meli, daraja au ngome, lazima kilipuke kabla watu hawajainuka kwenye viti. Hebu leo tuangalie sheria hizi zilivyoigeuza hadithi moja ambayo mzizi wake uko kwetu, Ziwa Tanganyika. Naongelea The African Queen.

Tuanze na kitabu. Kiliandikwa na Mwingereza C. S. Forester, kikatoka 1935. Ni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndani ya koloni la Wajerumani. Rose, dada wa mmisionari aliyefariki, na Charlie Allnutt, fundi mmoja mpenda pombe, wanateremka mto na kijiboti chao kibovu. Mpango ni kwenda kuigonga meli ya Wajerumani ziwani kwa mabomu waliyoyaunga wenyewe. Sasa cheki: kwenye kitabu hawafanikiwi! Dhoruba inawapiga usiku uleule, kijiboti kinazama, wanakamatwa. Nahodha wa Kijerumani hawanyongi, anawakabidhi kwa Waingereza. Halafu boti za kivita za Uingereza ndizo zinaizamisha ile meli. Wawili wetu wanaondoka zao kwenda kufunga ndoa, na mwandishi wala hatuahidi kwamba wataishi raha mustarehe.

Muvi ya John Huston ilitoka 1951, ikapigwa picha Kongo na Uganda, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa ndani. Mwisho ukabadilika kabisa. Wanakaribia kunyongwa, nahodha anawafungisha ndoa hapohapo, na kabla kamba haijafanya kazi meli inagonga mabaki ya kijiboti chao na bum! Bwana na bibi harusi wanaogelea huku wanaimba. Bogart akaondoka na Oscar.

Kwani walikosea? Kwa sinema, hapana. Umemfuata mtu kwenye maporomoko, mbu na ruba saa moja na nusu, halafu kazi ije kumaliziwa na wanamaji usiowajua hata majina? Ukumbi mzima ungezomea. Hata The Bridge on the River Kwai ilifanyiwa hivyohivyo. Kwenye kitabu cha Mfaransa Pierre Boulle cha 1952 daraja linabaki limesimama, kwenye muvi ya David Lean ya 1957 linalipuka na treni juu yake. Mtazamaji akishaonyeshwa baruti, anadai mlipuko.

Ishu yangu ni historia yenyewe, maana haikumfuata Forester wala Huston.

Meli ya kweli iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000 na kuletwa Dar es Salaam, halafu reli ya kati mpaka Kigoma. Pale ikaungwa upya, na 1915 ikaanza kazi. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilitoka London kwa meli hadi Cape Town, zikaja kwa treni hadi Katanga, halafu zikavutwa porini na milimani kwa injini za mvuke, ng'ombe na nguvu za watu. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Lakini Götzen hawakuigusa. Kamanda wao, Spicer-Simson, alikataa kuishambulia.

Nani aliizamisha basi? Wajerumani wenyewe! Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanaikaribia Kigoma, mafundi wakapaka injini grisi nzito ili zisioze, wakaizamisha taratibu. Yaani waliizika huku wanategemea kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya: Liemba. Ndiyo, Liemba yetu ileile.

Sasa angalia nani anapotea kwenye miisho hii. Kitabu kinawapa ushindi wanamaji wa Uingereza, muvi inawapa wapenzi wawili wazungu. Waafrika unawaona kanisani mwanzoni, kijiji kinachomwa moto, baada ya hapo ni askari wachache tu wa kufyatua risasi. Lakini ni nani alibeba, akafyeka njia na kujenga madaraja ili boti zipite? Vita ile iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi, na walikufa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Ukienda kununua jinzi Kariakoo unakanyaga historia yao: jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Hakuna muvi ambayo wao ndio steringi, na kwenye maisha ya kweli steringi hao walikufa.

Ndiyo maana mimi naupenda mwisho wa tatu, ule usio na mlipuko. Kwa sababu ya ile grisi, meli ya vita ikawa ya abiria, dagaa na magunia ya mchele kwa miongo mingi. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo. Mei 2015 ilichukua maelfu ya Warundi waliokwama Kagunga ikawafikisha Kigoma. Hebu fikiria kama kweli ingelipuka.

Kwa hiyo ukiuona ule mkanda, furahi tu, Bogart anajua kazi. Ila wakati wa bum, kumbuka kwamba ile ya kweli ilikuwa bado na abiria wa kubeba.