Kijana unaona damu chooni? Lini ni bawasiri tu, na lini ukapimwe zaidi

Umemaliza haja kubwa, unajisafisha kwa maji, unaona wekundu mkononi. Una miaka 27, unabeba mizigo Kariakoo tangu alfajiri, maji hunywi sana maana choo ni cha kulipia. Mshikaji anakwambia, "Hiyo bawasiri, hata mimi ninayo." Hatua chache mbele kuna kipaza sauti kinanadi dawa yake.

Mshikaji huenda yuko sahihi. Kwa vijana, damu ya njia ya haja kubwa mara nyingi inatokana na bawasiri, yaani mishipa ya damu iliyovimba sehemu hiyo, au mpasuko mdogo wa ngozi unaoletwa na choo kigumu. Shida ni kwamba yeye hajakuangalia, na muuza dawa pia hajakuangalia. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri na wakati huohuo ana tatizo lingine ndani zaidi.

Tazama kabla hujamwaga maji

Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo, bila maumivu, mara nyingi ni bawasiri. Ikija na maumivu makali kama unakatwa na wembe choo kinapopita, fikiria mpasuko. Ila damu iliyochanganyika na choo chenyewe, yenye rangi iliyoiva, au yenye makamasi, kwa kawaida inatoka ndani zaidi. Hiyo usiimalizie kwenye dawa ya kupaka. Kwenye choo cha kuchuchumaa ukishamwaga maji ushahidi umeondoka, kwa hiyo angalia kwanza. Haipendezi, lakini dokta atakuuliza.

Kama umekulia Ukerewe au sehemu nyingine za Ziwa Victoria ukaja mjini kutafuta maisha, mwambie. Kichocho cha tumbo kinaweza kuleta damu kwenye choo, kinapimwa kwa choo na kinatibika kwa vidonge. Damu pamoja na kuhara na homa nayo inaanzia kwenye kipimo cha choo, kwa sababu inaweza kuwa maambukizi.

Saratani je? Kwa mtu wa miaka ishirini na kitu ni nadra, na huo ndio ukweli. Lakini nadra si sifuri. Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa Black Panther, aligundulika na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2023, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 walioipata kabla ya miaka 50, ulitaja dalili nne zilizojitokeza kati ya miezi 3 na miaka 2 kabla ya kugundulika: maumivu ya tumbo, damu njia ya haja kubwa, kuharisha kusikoisha, na upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma. Mwenye dalili moja hatari yake ilikuwa karibu mara mbili. Zikifika tatu au zaidi, ilipanda zaidi ya mara sita.

Kwa hiyo damu ikiwa na mwenzake, ukapimwe zaidi hata kama una miaka 22. Wenzake ni hao hapo juu, pamoja na kupungua uzito bila sababu, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, au mzazi, kaka au dada aliyewahi kupata saratani hiyo. Mwanaume kijana mwenye upungufu wa damu asipewe vidonge vya kuongeza damu tu bila kutafutwa inakovuja. Wanawake nao wanaambiwa haraka mno kwamba ni hedhi.

Ukitoka damu nyingi yenye mabonge, ukipata kizunguzungu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri kesho. Nenda dharura.

Kipimo cha kwanza ni kidole

Hapa ndipo vijana wengi wanakimbia. Dokta anavaa glovu, anatazama, anaingiza kidole kilichopakwa kilainishi, chini ya dakika moja kimekwisha. Unaweza kuomba daktari wa jinsia yako. Ukiwa Kariakoo, Mnazi Mmoja ni jirani, Amana nayo si mbali. Omba pia kipimo cha wingi wa damu.

Akikuta bawasiri au mpasuko na hakuna dalili nyingine, huhitaji kamera kwa sasa. Kunywa maji, kula mboga za majani, maharage na matunda, usikae chooni nusu saa na simu. Rudi baada ya kama mwezi. Damu ikiwa bado inatoka, au ilikoma ikarudi, hapo omba rufaa ukafanyiwe kolonoskopi, kipimo cha mrija wenye kamera kinachotazama utumbo mpana wote. Muhimbili wanakifanya.

Siku moja kabla utakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na utashinda chooni, jipange. Siku yenyewe kwa kawaida unapewa dawa ya usingizi mwepesi, kwa hiyo bodaboda yako iache nyumbani na uende na mtu wa kukurudisha.