Pampu iliyofungua kifua na kuficha uvimbe

Kati ya mwaka 1959 na 1966, vifo vya pumu vya watoto wa miaka 10 hadi 14 nchini Uingereza na Wales viliongezeka karibu mara nane. Madaktari walipigwa na butwaa, maana hiyo ndiyo miaka ambayo wagonjwa walikuwa wameshika mkononi dawa iliyozishinda zote zilizotangulia.

Hapo kabla, wengine walivuta sigara za majani ya mnanaha, tiba iliyofika Uingereza kutoka India mwanzoni mwa karne ya 19. Kuanzia 1903 kulikuwa na sindano za adrenalini, na baadaye vinyunyizio vya kioo vya kubinya kwa mpira, vyepesi kuvunjika. Mwaka 1955, binti wa George Maison, mkuu wa kampuni ya Riker huko Los Angeles, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isitiwe kwenye kopo kama ya kupulizia nywele. Alikuwa na miaka 13. Mafundi wa kampuni wakachukua vali iliyobuniwa kwa ajili ya manukato, na Machi 1956 pampu mbili zikaruhusiwa kuuzwa Marekani: moja ya adrenalini, nyingine ya isoprenalini.

Mgonjwa alivuta, na baada ya dakika chache kifua kikaachia. Njia ndogo za hewa zimezungukwa na misuli. Dawa hizi hunasa kwenye vipokezi vya misuli hiyo na kuilegeza, hewa ikapita. Ila pumu haibani misuli tu. Utando wa ndani huvimba, ukajaa seli za kinga na kutoa ute mzito. Hili halikuwa geni: William Osler alikwisha kuandika katika kitabu chake cha tiba cha 1892 kwamba pumu mara nyingi ni uvimbe wa vijitawi vya mapafu, na waliopasua maiti za wagonjwa walikuta njia za hewa zimezibwa na ute. Kwa maoni yangu, ni ufanisi wenyewe wa pampu uliowasahaulisha watu. Tatizo linaloondoka kwa mivuto miwili nani atalichimba?

Isoprenalini haikuchagua mahali. Iliurukia na moyo. Tena Uingereza ilikuwapo pampu kali yenye dozi mara tano ya ile ya kawaida. Mwaka 1967 madaktari walipelekewa onyo, na mwaka uliofuata pampu hizo zikaacha kuuzwa bila cheti cha daktari. Vifo vikashuka. Mwaka 1972 Paul Stolley, mtafiti wa Marekani, akaonyesha kuwa janga lilizipiga nchi zilizouza pampu ile kali. Mabishano hayakuisha: ni moyo ulioshindwa, au ni mgonjwa aliyeendelea kuvuta nyumbani huku uvimbe ukimziba, hata akafika hospitali akiwa amechelewa?

Majibu mawili yalitoka katika maabara moja ya kampuni ya dawa ya Allen & Hanburys, mjini Ware, Uingereza, chini ya David Jack. Mwaka 1969 ilileta salbutamoli, inayolenga zaidi vipokezi vya njia za hewa na kuuacha moyo kwa kiasi kikubwa. Miaka mitatu baadaye ikaja beklometasoni ya kuvuta, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hailegezi misuli papo hapo bali hutuliza uvimbe siku baada ya siku. Waliowahi kujaribu steroidi za kuvuta walikuwa wameambulia patupu. Harry Morrow Brown, daktari wa Derby, alifanya jambo ambalo wenzake hawakulijali: aliweka makohozi chini ya darubini, akatafuta seli zinazoashiria uvimbe wa mzio, na wenye seli hizo ndio waliopata nafuu nzuri kwa steroidi. Huyo namhesabu kuwa shujaa wa kisa hiki, ingawa jina lake halitajwi sana.

Hata hivyo, salbutamoli ndiyo iliyopendwa. Steroidi haimpi mtu nafuu anayoisikia pale pale, na ni vigumu kumshawishi mtu anayepumua vizuri aendelee na dawa.

New Zealand ikalipa gharama. Fenoteroli, dawa nyingine ya kulegeza misuli, iliingia huko mwaka 1976, mikrogramu 200 kwa kila mvuto, mara mbili ya salbutamoli, na vifo vikapanda tena. Mwaka 1989 watafiti wa Wellington, akiwamo Richard Beasley, walichapisha ushahidi ulioihusisha dawa hiyo na vifo, wakapingwa vikali. Matumizi yake yalipobanwa, vifo vikapungua. Mwaka 1990 utafiti mwingine wa nchi hiyo ukaonyesha kuwa kuivuta kila siku kwa ratiba kuliifanya pumu ya wengi kuwa mbaya zaidi. Vipokezi vikichokozwa mfululizo hupungua, na njia za hewa huzidi kuwa nyepesi kukasirika. Mwaka 1991 Finland ikaongeza lake: kwa wagonjwa wapya 103 waliofuatwa miaka miwili, steroidi ya kuvuta iliishinda waziwazi dawa ya kutanua njia za hewa.

Beasley hakuchoka. Mwaka 2019 aliongoza utafiti uliolinganisha salbutamoli pekee na pampu moja yenye steroidi pamoja na formoteroli, nayo dawa ya kulegeza misuli, zote zikivutwa kifua kinapobana tu. Mashambulio makali yalikuwa 23 upande wa salbutamoli na 9 upande wa mchanganyiko. Mwaka huo huo GINA, jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, liliacha kupendekeza salbutamoli pekee kwa watu wazima na vijana.

Afrika Mashariki mjadala una sura nyingine, kwa kuwa wengi bado wanameza salbutamoli ya vidonge, iliyo nafuu kuliko pampu. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa mara 40 ya mvuto mmoja wa mikrogramu 100. Huzunguka mwili mzima kabla ya kufika mapafuni, mikono ikatetemeka na moyo ukaenda mbio, na uvimbe hauguswi.