Dirisha la kufunguka na kuinama

Katika nyumba nyingi za kupanga za Berlin, Hamburg au Munich, dirisha la chumba cha kulala lina mkono mmoja wenye hali tatu. Mkono ukielekea chini, dirisha limefungwa. Ukiulaza, bawa zima la dirisha linafunguka kuja ndani ya chumba kwa bawaba za ubavuni, kama mlango. Ukiuelekeza juu, bawa lilelile linaachia upande wa juu tu: sehemu ya chini inabaki kwenye fremu, ya juu inakuja ndani sentimeta kumi na kidogo, na hewa inapita kwenye mwanya uliobaki juu na pembeni. Wajerumani huliita Drehkippfenster. Wilhelm Frank, aliyeanzisha kampuni ya Roto mwaka 1935, ndiye aliyeanza kuzalisha kiwandani vyuma vinavyoliwezesha kufanya kazi hizo mbili.

Bawa ni neno ninalolitumia kwa ile sehemu inayofunguka, yenye kioo ndani yake. Mafundi wengi wa Tanzania husema topu, na mnunuzi anayekwenda karakana atumie hilo ili waelewane.

Dirisha hili linahitaji jina la Kiswahili linaloeleweka, kwa sababu kulichagua na kulitumia vyema kunategemea kujua kwamba kazi zake ni mbili na hazifanani. Waingereza huliita tilt and turn, na anayefuata maneno hayo moja moja ataishia kwenye "dirisha la kuinamisha na kuzungusha". Nusu ya pili ya jina hilo inapotosha. Katika dirisha hili kinachozungushwa ni mkono peke yake. Bawa halizunguki, linafunguka. Tena kuna madirisha mengine ambayo huzunguka kwelikweli: yale ya paa, kama yanayotengenezwa na Velux ya Denmark, ambayo aina yake moja ina mhimili katikati, nusu ya juu ikiingia ndani nusu ya chini inatoka nje. Kitenzi kuzunguka ni haki ya dirisha hilo. Tukikitoa kwa jingine, siku tutakapohitaji kuyatofautisha hatutakuwa na neno.

Neno dirisha limetoka Kiajemi, ambako dariche ni mlango mdogo. Asili hiyo inafaa sana hapa, maana tendo la kwanza la dirisha hili ni la mlango hasa, na kwa mlango Kiswahili kina kufunguka.

Tendo la pili ni kuinama. Mtu akiinama, miguu yake haiondoki ilipo. Kichwa na mabega ndivyo vinavyokuja mbele. Bawa hufanya hivyohivyo. Vitenzi jirani havilingani nalo: kuegemea kunataka kitu cha kuegemewa, na kulala ni kufika chini kabisa. Kuinika ni kitenzi kizuri, lakini kinamfikirisha msikilizaji chombo kinachomiminwa.

Mpangilio wa vitenzi viwili nao una maana. Kijerumani kimetanguliza kufunguka (dreh) kisha kuinama (kipp), Kiitaliano nacho kikasema anta-ribalta kwa mpangilio huohuo. Kifaransa kimegeuza, oscillo-battant. Mimi nafuata mkono wenyewe. Kutoka hali ya kufungwa, robo mzunguko ya kwanza inafungua bawa, robo ya pili inaliinamisha. Kwa hiyo: dirisha la kufunguka na kuinama. Mpangilio huu pia unaondoa pingamizi kwamba kila dirisha hufunguka. Msikilizaji anasikia kwanza jambo analolijua, kisha anaongezewa lile la ziada. Wala jina lisifupishwe kuwa "dirisha la kuinama", kwa kuwa hilo ni dirisha jingine, lenye bawaba za chini tu, la vyumba vya chini ya ardhi na vyoo, lisiloweza kufunguka wazi.

Jina likishakaa sawa, maswali ya mnunuzi nayo yanakaa sawa, kwa kuwa kila kitenzi kina faida na mipaka yake.

Kufunguka ni kwa hewa nyingi kwa muda mfupi, kwa kusafisha uso wa nje wa kioo ukiwa umesimama ndani hata ghorofa ya tano, na kwa kujiokoa moto unapozuka. Sheria ya mfano ya ujenzi ya Ujerumani inataka dirisha la kutokea kwa dharura liwe na uwazi wa angalau meta 0.90 kwa 1.20, na uwazi huo haupatikani kwa kuinama.

Kuinama ni kwa hewa kidogo kwa muda mrefu, hasa majira ya joto. Hapa ndipo wapangaji wageni wa Ujerumani, Waswahili wakiwamo, wanapoingia katika mvutano na wenye nyumba. Wakati wa baridi mtu huliacha dirisha limeinama kutwa, hita inawaka chini yake, akiamini anaingiza hewa safi. Hewa ya chumba inabadilika polepole mno, ilhali ukuta unaozunguka fremu unapoa. Mvuke wa kupikia, wa kuoga na wa pumzi zetu unageuka kuwa maji kwenye ukuta huo, na kuvu jeusi linaota pembeni mwa dirisha. Ushauri wa Idara ya Mazingira ya Ujerumani ni kufungua wazi dakika chache mara kadhaa kwa siku, kisha kufunga, wala si kuinamisha mfululizo. Mpangaji anayejua kwamba dirisha lake lina vitenzi viwili anaelewa ushauri huo mara moja. Asiyejua huona anaambiwa afungue na papo hapo anakatazwa kufungua.

Dirisha lililoinama lina hatari nyingine mbili. Polisi wa Ujerumani hurudia kwamba kwa mwizi dirisha hilo ni dirisha lililo wazi, kwani mkono unafikiwa kupitia mwanya. Na paka anayejaribu kutokea hapo huteleza na kubanwa kiunoni. Madaktari wa mifugo wamelipa tatizo hilo jina kamili, Kippfenstersyndrom. Mwenye paka anunue vizuizi vya pembeni siku ileile anayonunua dirisha.

Sasa vyuma, ambavyo wanunuzi wengi hawaviangalii. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimeta ya unene katika meta mraba moja. Dirisha la vioo vitatu vya milimeta 4 ni kilo 30 kwa meta mraba, na bawa lenye kioo cha meta 1.2 kwa 1.4 linapita kilo 50 hata kabla ya kuhesabu fremu yake. Uzito huo hubebwa na bawaba ya chini, na juu unashikwa na kiungo cha chuma ambacho Wajerumani hukiita mkasi. Mkasi ndio unaolizuia bawa lililoinama lisiangukie chumbani. Mtu akiupeleka mkono juu wakati bawa tayari limefunguka, bawa linaweza kuachia bawaba ya juu na kuning'inia kwa kona ya chini na mkasi. Linatisha, lakini kwa kawaida halianguki: lisukume lirudi kwenye fremu, kisha rudisha mkono. Vyuma bora vina kizuizi kinachokataa kosa hilo, na hilo ndilo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji. La pili ni vifungio vyenye vichwa vya uyoga, vinavyoingia ndani ya fremu kwa kuzunguka bawa lote. Dirisha la daraja la RC 2 katika kipimo cha Ulaya cha EN 1627 linapaswa kustahimili dakika 3 za mwizi mwenye bisibisi na koleo.

Kuhusu joto, kioo kimoja hupoteza takribani wati 5.8 kwa meta mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Vioo viwili vya kisasa vyenye gesi ya agoni katikati hupoteza kama 1.1. Ndiyo maana Ujerumani anayebadilisha dirisha la nyumba yake hutakiwa lote kwa jumla, pamoja na fremu, lisizidi 1.3.

Kwa anayejenga Dar es Salaam au Mombasa hesabu ni nyingine. Huko hatupigani na baridi, tunatafuta upepo. Kuinama peke yake hakutoshi usiku wa Februari pwani, na asinunue dirisha hili anayevutiwa na kitenzi hicho tu. Luva humpa upepo mwingi zaidi kwa bei ndogo. Lakini kufunguka kwa dirisha hili kunaachia uwazi wote, wakati dirisha la kuteleza la vipande viwili linaachia nusu. Tena, kwa kuwa bawa linakuja ndani, nondo na wavu wa mbu hukaa nje bila kuguswa, na mvua isiyo na upepo mkali humwagika kwenye uso wa nje wa kioo kilichoinama. Nairobi, kwenye ubaridi wa Julai, kuinama kunafaa usiku kucha. Fimbo ya pazia tu isogezwe mbali na ukuta, ama sivyo bawa litakwamia kwenye kitambaa.

Penye watoto wadogo ghorofani kuna aina ya kuagiza kwa jina lake: dirisha la kuinama kabla ya kufunguka. Robo ya kwanza ya mkono inaliinamisha, na robo ya pili, ya kulifungua wazi, inahitaji ufunguo. Shule na hoteli hupendelea hilo. Fundi aambiwe mpangilio huo kabla vyuma havijaagizwa, na ufunguo utundikwe mahali ambapo mtu mzima ataupata gizani.