Vilima vya rangi ya roze: namna ya kutoa maoni yenye kujenga juu ya picha za infraredi

Vilima vya Rutshuru vinajulikana kwa kijani yake: migomba, maharagi, kahawa, na pori la Virunga pembeni. Lakini kuna picha ambamo vilima hivyo viko roze au vyekundu, kama vimemwagiwa rangi. Mbele ya picha ya namna hiyo, wengi hujibu kwa neno moja tu: « ni muzuri », ao « ni bongo ». Maneno hayo mawili hayamusaidie mpiga picha. Anarudi nyumbani bila kujua nini ya kushika na nini ya kubadilisha.

Rangi hiyo inatoka wapi?

Jicho la mtu linaona mwangaza wa kati ya nanometa 400 na 700 hivi. Infraredi iko kupita hapo. Majani mabichi yanarudisha mwangaza huo kwa wingi, ndiyo maana yanang'aa kwenye picha. Si joto: picha hizi ni tofauti na zile za aparei zinazopima joto la mwili.

Filimu ya Kodak yenye jina Aerochrome ilionyesha infraredi kama nyekundu. Mbegu yake ni kazi ya kijeshi ya wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Kitambaa kilichopakwa rangi ya kijani kinadanganya jicho, lakini hakirudishi infraredi kama jani lenye uhai. Kwenye filimu, maficho ya adui yalijulikana. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka wa 2009. Leo wengi wanatumia aparei ya dijitali iliyoondolewa kichujio kinachozuia infraredi.

Mfano uliotoka Kivu

Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, alianza kuja na filimu hiyo mashariki ya Kongo mwaka wa 2010. Alipiga wapiganaji, wakimbizi na milima ya Kivu. Kitabu chake Infra kilitoka 2012. Mwaka wa 2013 kazi yake ya video The Enclave, yenye skrini 6, ilionyeshwa Venice nchini Italia, na 2014 akapata tuzo ya Deutsche Börse.

Mabishano yalikuwa makali. Wamoja walisema rangi hiyo inalazimisha dunia kutazama vita iliyozoeleka hata haionekani tena. Wengine waliona kwamba inapamba mateso ya watu. Pande zote mbili zina funzo: maoni mazuri hayaishii kwenye rangi. Yanauliza rangi inafanya kazi gani.

Hatua za kufuata

Kutazama kwanza, kisha kuuliza. Kabla ya kuhukumu, inafaa kujua mpiga picha alitaka nini. « Ulipenda mutu aone nini kwanza? » ni ulizo rahisi, na jibu lake linaongoza yote yanayofuata.

Kusema kile kinachoonekana. « Macho yangu yalienda kwa mugomba, mama niliona nyuma » inasaidia kuliko « haijakamilika ». Mpiga picha anajua sasa kwamba mugomba uling'aa kupita uso.

Kutenganisha kosa na uchaguzi. Makosa ya infraredi yanajulikana. Doa la mwangaza katikati ya picha mara nyingi linatoka kwenye lenzi. Kubadilisha lenzi, ao kufungua tundu lake zaidi, kunaweza kulipunguza. Ukungu kwenye picha nzima unaweza kutoka kwenye fokasi, kwa sababu infraredi haikutani fasi moja na mwangaza wa kawaida. Lenzi nyingi za zamani zina alama nyekundu ya kusahihisha hilo. Ngozi yenye kufanana na nta ni tabia ya infraredi yenyewe. Hapo si kusema « umekosea », ila kuuliza kama sura ile inamfaa mtu aliyepigwa.

Kutumia mahali penyewe. Goma ina lava nyeusi ya 2002 na ya 2021. Lava tupu haing'ae katika infraredi, lakini majani yanayoota juu yake yanang'aa. Kama picha ya fasi hiyo imekuwa na rangi moja tu, anayetoa maoni anaweza kuonyesha kwamba tofauti hiyo imepotea kwenye kusahihisha rangi.

Kwa picha zinazofanana na mchoro

Kuna wanaotikisa aparei kwa makusudi, ao wanaoacha mwangaza uingie kwa muda mrefu, ili soko ama ziwa lionekane kama limechorwa kwa brashi. Kusema tu « haiko wazi » ni kukosa shabaha. Ulizo ni hili: je, kuna kitu kimoja ambacho jicho linaweza kushika? Kama hakuna, pendekezo liwe la vitendo: kupunguza mutikiso, ao kuacha mtumbwi mmoja usimame.

Watu walio ndani ya picha

Hapa maoni yanagusa maisha. Rutshuru imepitia vita mara nyingi, na watu wengi wamekimbia vijiji vyao. Rangi ya roze haifichi sura ya mtu. Jirani atamtambua, adui naye vilevile. Kwa hiyo, kabla ya kusifu mwangaza, inafaa kuuliza: mtu huyu alikubali? Alielezwa picha itaenda wapi? Fasi anayoishi inajulikana kwa nyuma? Mpiga picha akikosa jibu, shauri bora ni kuiweka picha pembeni kwanza, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Anayepokea maoni

Naye ana kazi yake: kusikiliza mpaka mwisho, kuandika, na kurudi na picha ya pili. Maoni ya picha ya kwanza yanapimwa kwenye ile ya pili. Kama mama aliyekuwa nyuma ya mugomba sasa anaonekana kwanza, mazungumzo yalifaa.