Farasi Aliyefika kwa Jina

Neno “farasi” lilitoka katika Kiarabu, likakaa pwani, kisha likafuatana na misafara hadi Unyamwezi. Mnyama mwenyewe alishindwa njiani. Mwaka 1871 farasi wawili wa Stanley walikufa siku chache tu baada ya kuondoka Bagamoyo. Na huko mbele, mbung’o walikuwa wakingoja. Mzigo wa takriban kilo 30 ukabaki begani mwa Mnyamwezi. Jina lake, mpagazi, latokana na kupagaa, yaani kubeba begani. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, ikipitia Goweko. Uwezo wa injini Waswahili huuita “nguvu za farasi”. Bega lililoitangulia injini hiyo halikuachiwa hata jina la kipimo.