Taa nyekundu ya macho: Inachoweza na isichoweza

Ukiwahi kutafuta neno "macho" mtandaoni, tangazo lake litakufuata tu. Kijitaa chekundu, unakiweka mbele ya jicho dakika tatu kila siku, halafu miwani kwaheri. Kwa mtu wa Tarime au Mugumu anayejua nauli ya kwenda kuonana na daktari wa macho, ofa kama hiyo inashawishi. Kabla hujatuma pesa, soma hapa kwanza.

Mwanga wenyewe ni upi?

Macho yetu yanaona mwanga wenye mawimbi ya kuanzia nanomita 400 hivi hadi 700. Nyekundu iko mwishoni mwa safari hiyo. Ukivuka hapo unaingia kwenye infraredi, mwanga ambao upo lakini huuoni. Unaweza kuujaribu sasa hivi: elekeza rimoti ya TV kwenye kamera ya mbele ya simu yako, kisha bonyeza. Kwenye simu nyingi utaona kitaa kinawaka, wakati kwa macho matupu huoni kitu.

Wanasayansi wanavutiwa na mwanga huu kwa sababu ya mitokondria, vile vijimtambo vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nishati. Retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inatumia nishati nyingi mno, na umri ukienda mitokondria zake huchoka. Mwanga mwekundu kwa kipimo kidogo unaonekana kuziamsha.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 2021 timu ya Profesa Glen Jeffery wa University College London ilitoa matokeo ya jaribio la watu 20. Walimulikwa mwanga wa nanomita 670 kwa dakika tatu, mara moja tu, kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Uwezo wao wa kutofautisha rangi uliongezeka kwa wastani wa asilimia 17, na nafuu hiyo ilidumu takribani wiki moja. Walipojaribu mchana, haikufanya kazi.

Inavutia, lakini soma tena: ni watu 20, na kilichopimwa ni rangi. Hakuna aliyetupa miwani yake.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye ugonjwa mmoja, kuchakaa kwa sehemu ya katikati ya retina kwa wazee, ile aina inayoitwa kavu. Mgonjwa anaona pembeni vizuri, ila sura ya mtu aliye mbele yake ina ukungu. Novemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine iitwayo Valeda kwa ugonjwa huo. Inatumia mawimbi matatu: 590, 660 na 850, hili la mwisho likiwa infraredi. Mgonjwa anapigwa mwanga mara tisa ndani ya wiki tatu hadi tano, kliniki, mbele ya mtaalamu, na mzunguko unarudiwa kila baada ya miezi minne.

Faida yake? Katika jaribio lililoipa kibali, baada ya miezi 13 waliotibiwa waliongeza wastani wa herufi 5.4 kwenye chati ya kupimia macho. Waliopewa matibabu ya kuigiza waliongeza 3.0. Tofauti ipo, ila ni ndogo. Hiyo ndiyo mashine bora, kliniki, kwa mgonjwa aliyechaguliwa. Sasa fikiria kijitaa cha mtandaoni ambacho hakina hata maandishi ya kueleza nguvu yake.

Je, inatibu mtoto wa jicho?

Hapana. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyopata ukungu, na hakuna mwanga unaousafisha. Tiba ni upasuaji: lenzi hiyo inatolewa, inawekwa ya bandia.

Presha ya macho nayo haitibiki kwa taa nyekundu. Inaua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, na kilichokufa hakirudi. Dawa za matone au upasuaji hupunguza presha ili kilichobaki kisiende. Anayekaa nyumbani miezi sita akijimulika anapoteza miezi sita ya kuona.

Na yule mama wa sokoni anayesogeza simu mbali ili asome ujumbe wa muamala? Amefika miaka 40 na kitu, lenzi yake imekakamaa kama ya kila mtu. Anachohitaji ni miwani ya kusomea.

Hatari ziko wapi?

China walianza kutumia taa nyekundu kwa watoto wasioona mbali, na majaribio yalionyesha inapunguza kasi ya tatizo. Kisha mwaka 2023 ikaripotiwa kesi ya msichana wa miaka 12 aliyeumia retina baada ya kutumia kifaa cha aina hiyo. Mwaka huohuo China ikavipandisha vifaa hivyo kwenye daraja la juu kabisa la udhibiti. Kwa hiyo usimnunulie mtoto, hata kama tangazo lina picha ya mtoto anacheka.

Halafu kuna infraredi tunayoishi nayo bila kuifikiria. Mafundi wa tanuru za vioo walijulikana tangu zamani kupata mtoto wa jicho kwa sababu ya joto la moto wanaoutazama miaka mingi. Kama wewe ni fundi wa kuchomelea pale Sirari, au unayeyusha dhahabu Nyamongo, jikinge kwa kioo maalumu cha kazi hiyo. Miwani ya jua haitoshi. Na usilitazame jua ukidhani unapata tiba ya bure, linachoma retina bila kuuma.

Uanzie wapi ukiwa Tarime au Serengeti?

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uombe kupimwa uwezo wa kuona. Wakikuandikia rufaa, ya mkoa iko Musoma na ya kanda ni Bugando, Mwanza. Kambi ya macho ikitangazwa karibu nawe, mpeleke mzee wa nyumbani hata kama anasema "ni uzee tu". Mtu akikuuzia kifaa cha kutibu macho, muulize kama kimesajiliwa na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba nchini.

Ukipoteza kuona ghafla, ukaona vimulimuli au kama pazia linashuka, au jicho likawa jekundu na kuuma sana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiweke tone lolote la jirani.